Hela ya ultrasaundi moja: ulinganisho wa vipimo vya mtoto tumboni kwa mama wa Mwanza na visiwani

Wifi yangu anaishi kisiwa cha Ukara. Juzi alinitumia ujumbe wa sauti, upepo wa ziwa ukivuma nyuma ya maneno yake: "Wifi, habari za Mwanza? Mimba yangu imeingia mwezi wa nne. Nina hela ya kupiga ultrasaundi moja tu, na nauli ya kufika Nansio na kurudi. Wenzangu wananiambia nisubiri mwezi wa nane, eti ndipo mtoto anaonekana vizuri na jinsia haifichiki. Nifanyeje?"

Nilimjibu siku ileile: usisubiri mwezi wa nane, nenda kabla mwezi wa tano haujaisha. Lakini jibu fupi namna hiyo halimtoshi mtu anayevuka maji mpaka Bugolora ndipo atafute gari la Nansio, tena kwa hela iliyotoka kwenye dagaa. Anastahili kuelezwa sababu. Na swali lake nalisikia kila wiki hapa Igoma ninapotembelea kaya, kwa kuwa mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa hiyo nimekaa nimeandika kwa kirefu, nikivipanga vipimo viwiliviwili, ili mwenye hela ya kimoja ajue anaacha nini na anapata nini.

Jambo la kushika mapema ni kwamba kila kipimo kina swali lake. Kimoja kinauliza mimba ina umri gani na mtoto ameumbika vipi. Kingine kinauliza kama anakua. Kingine kinauliza kama leo hii, saa hii, anapata hewa ya kutosha kupitia kondo la nyuma. Mama akipeleka swali la tatu kwenye kipimo cha kwanza, atarudi nyumbani na karatasi nzuri na wasiwasi uleule.

Picha ya mapema na picha ya mwezi wa nane

Mimba yangu ya kwanza nilipiga picha mwezi wa saba, baada ya kusitasita sana. Kituo kimoja kilinipa tarehe ya kujifungua. Wiki tatu baadaye kingine kikanipa tarehe iliyopishana na ile kwa siku 24. Mimi mwenyewe hedhi ya mwisho sikuikumbuka, maana nilikuwa nimetoka kwenye sindano za uzazi wa mpango na mzunguko wangu ulikuwa haujatulia. Ikaaminika ile tarehe ya karibu, nikaambiwa siku zimepita, nikaanzishiwa uchungu. Mtoto akatoka na kilo 2.1, ngozi nyembamba, hana nguvu ya kunyonya. Tulimbeba kifuani kwa kangaruu siku kumi na moja. Leo yuko darasa la tatu na ana afya njema, ila zile siku kumi na moja zimenifundisha kitu ambacho ningependa mwenzangu akipate kwa kusoma tu.

Sababu ni hii. Katika miezi mitatu ya mwanzo watoto wote wanakua karibu sawasawa. Mtoto wa wiki 10 wa Ukerewe na wa wiki 10 wa Uingereza wana urefu karibu mmoja, kwa hiyo mashine ikipima kutoka utosini hadi makalioni inaweza kukadiria umri wa mimba kwa kukosea siku 5 hadi 7 tu. Kufikia wiki ya 20 kosa hilo linafika kama siku 10. Baada ya wiki ya 28, kila mtoto anafuata mwili wa mama yake, ukoo wake na lishe anayopata. Wapo wakubwa na wapo wadogo, na kosa linaweza kufika wiki tatu au zaidi. Mashine ni ileile na mtaalamu ni yuleyule. Kilichobadilika ni mtoto.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa huduma kwa wajawazito, linashauri kila mama apate ultrasaundi moja kabla ya wiki 24. Kwa mwenye hela ya moja tu, mimi namwelekeza kati ya wiki 18 na 22. Hapo tarehe bado inaaminika, na viungo vimeshakuwa vikubwa kiasi cha kuonekana: vyumba vya moyo, uti wa mgongo, fuvu, figo, ukuta wa tumbo. Kondo la nyuma linaonekana limekaa wapi. Na kwa wale waliokuwa wakisubiri mwezi wa nane kwa ajili ya jinsia, wiki ya 20 nayo huonekana mara nyingi, mtoto asipobana miguu.

Halafu kuna mapacha. Usukumani tuna majina yao tayari, Kulwa na Doto, na anayewafuata anaitwa Shija, maana wamezaliwa kwetu tangu enzi. Picha ya mapema, hasa kabla ya wiki 14, inaonyesha kama Kulwa na Doto wana kondo mojamoja au wanagawana moja. Wanaogawana kondo moja wanaweza kunyang'anyana damu, mmoja akavimba na mwingine akadumaa, kwa hiyo wanafuatiliwa kwa karibu sana, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa nane mtaalamu ataona vichwa viwili, lakini kujua kama kondo ni moja au mawili inakuwa kazi ngumu.

Picha ya mwisho nayo ina kazi yake, siikatai. Inaonyesha mtoto ametanguliza kichwa au makalio, maji ya uzazi yamebaki kiasi gani, na kondo lililokuwa chini limepanda au bado limeziba njia. Makondo mengi yanayoonekana chini wiki ya 20 hupanda yenyewe kadiri mfuko wa uzazi unavyotanuka, hivyo aliyeambiwa "kondo liko chini" asikate tamaa, arudi kupimwa karibu na wiki ya 32. Uzito unaoandikwa kwenye picha ya mwisho uuchukulie kwa tahadhari: unaweza kukosea kwa asilimia 10 hadi 15. Mtoto aliyeandikwa kilo 3.5 anaweza kuzaliwa na kilo 3 au na kilo 4, na nimeona akina mama wakikosa usingizi kwa sababu ya namba hiyo.

Kwa hiyo picha ya mwisho inunuliwe kwa sababu: presha, kisukari, mapacha, kondo lililokuwa chini, kovu la upasuaji, kutokwa damu, tumbo lisilokua, mtoto aliyelala vibaya. Mama asiye na lolote kati ya hayo, na aliyepiga ya mapema, hajapungukiwa na kitu.

Futi kamba na ultrasaundi

Kila hudhurio la kliniki mkunga anatakiwa kukupima kwa futi kamba kutoka kwenye mfupa wa kinena hadi juu ya mfuko wa uzazi. Namba inaandikwa kwenye kadi, pale penye "kimo cha mimba". Kati ya wiki 24 na 36 sentimita hukaribiana na wiki: wiki ya 30, karibu sentimita 30, ikizidi au kupungua mbili si neno.

Akina mama wengi wanakidharau kipimo hiki kwa kuwa hakina skrini. Mimi nakipenda kwa sababu kinarudiwa. Ultrasaundi moja inakupa nukta moja. Futi kamba ya mahudhurio matano inakupa mstari, na kukua kwa mtoto kunasomwa kwenye mstari. Kimo kikisimama palepale mahudhurio mawili, au kikibaki nyuma kwa sentimita tatu, hapo ndipo hela ya ultrasaundi ya pili inapata kazi.

Kina udhaifu wake pia. Mama mnene, mama mwenye uvimbe kwenye kizazi, mimba ya mapacha, maji mengi, mtoto aliyelala kimlalo, wote wanakipotosha. Na kinategemea tarehe sahihi: ukiwa hujui una wiki ngapi, sentimita 30 hazikuambii kitu. Tumerudi kwenye picha ya mapema. Bila hiyo hata kipimo cha bure kinakosa nguvu.

Fungua kadi yako leo uangalie. Kama safu ya kimo ina nafasi tupu, hudhurio lijalo mwombe nesi kwa upole: "Dada, naomba unipime na kimo." Ni haki yako na kinachukua dakika moja.

Kifaa cha kusikilizia na dopla ya mkononi

Kile kifaa kama tarumbeta ndogo ambacho mkunga anakiweka tumboni na kuinamisha sikio kinaitwa fetoskopu, na muundo wake umetokana na kile alichotengeneza daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895. Hakina betri, hakiharibiki kirahisi, na kuanzia karibu mwezi wa tano na nusu kinasikika vizuri kwa mkunga mzoefu. Dopla ya mkononi inasikika mapema zaidi, karibu wiki ya 12, na uzuri wake ni kwamba mama naye anasikia. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Kliniki yenye fetoskopu na mkunga makini haijapitwa na yenye dopla, maana vyote viwili vinajibu kitu kimoja: moyo unapiga, na unapiga kwa kasi hii sasa hivi. Haviwezi kukuambia kama mtoto amechoka. Kwa hiyo namsihi mama yeyote aliyeona dopla za kujinunulia mtandaoni asizinunue. Ni rahisi sana kusikia mshipa wa mama mwenyewe au mlio wa kondo ukadhani ni moyo wa mtoto. Na hata ukiwa ni moyo wenyewe, mtoto aliyeanza kukosa hewa bado ana mapigo kwa muda. Mama anasikia du-du-du, anatulia, analala, na saa zinapita.

Mkono wa mama na CTG

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami zaidi, kwa sababu hapa watoto wanapotea na hapa pia wanaokolewa.

Mama wa mimba ya kwanza huanza kumsikia mtoto akicheza kati ya wiki 18 na 20, wakati mwingine baadaye kidogo; aliyewahi kuzaa huweza kumsikia tangu wiki ya 16. Kufikia wiki ya 28 kila mtoto ana mwendo wake. Wako wanaocheza mama anapolala, wako wanaoamka baada ya chai. Mtoto asiyepata hewa ya kutosha hubana matumizi: anaacha kurusha miguu ili moyo na ubongo vipate kwanza. Kupungua kucheza ni njia yake ya kusema.

Je, mama ahesabu? Kuna njia ya zamani ya kuhesabu mpaka kumi: unalala kwa ubavu wa kushoto na kuhesabu, ukitarajia kufika kumi ndani ya saa mbili. Tafiti hazijaonyesha kwamba kumlazimisha kila mama kuhesabu kila siku kunapunguza vifo. Utafiti mkubwa uitwao AFFIRM, uliofanyika Uingereza na Ireland na kuchapishwa mwaka 2018, ulifuatilia mimba zaidi ya 400,000, ukilinganisha kabla na baada ya hospitali kuanza mpango wa kuwahimiza akina mama waripoti kupungua kucheza na kuwashughulikia haraka. Vifo vya watoto tumboni havikupungua kwa kiasi cha kuthibitika. Shirika la Afya Duniani nalo halishauri kuhesabu kwa chati kama utaratibu wa kila mama nje ya utafiti, lakini linataka kila mama aelimishwe kuujua uchezaji wa mtoto wake na kutoa taarifa unapopungua.

Msimamo wangu ni huu: usiishi na kalamu na daftari, lakini mjue mtoto wako. Jioni ukishapakua chakula, jilaze kidogo ujiulize kama leo amecheza kama jana. Ukiwa na shaka, hapo ndipo uhesabu, saa mbili, bila simu, bila watoto wengine kukurukia. Na kama hukuhisi chochote kabisa, hata hizo saa mbili usizisubiri.

Nyumbani kuna maneno matamu yanayochelewesha. Mama mkwe atasema, "Mayu, miezi imetimia, nafasi imebana, mtoto anatulia kujiandaa." Anasema kwa upendo, ndivyo alivyoambiwa na yeye. Ni kweli mwishoni mateke yanakuwa kama kujinyoosha na kusukuma, kwa kuwa nafasi ni ndogo. Idadi, hata hivyo, haitakiwi kushuka, na mtoto mzima anaendelea kucheza mpaka siku ya uchungu, hata katikati ya uchungu wenyewe. Mwingine atasema unywe soda baridi umwamshe. Kunywa ukiwa na kiu, lakini kunywa ukiwa njiani.

Sasa CTG, au kadiotokografi kwa jina lake refu. Unafungwa mikanda miwili tumboni, mmoja unasoma moyo wa mtoto na mwingine kukaza kwa mfuko wa uzazi, na mashine inachora mistari kwenye karatasi kwa dakika 20 hadi 40. Baada ya wiki 32, mchoro unaoridhisha huonyesha moyo ukipanda angalau mapigo 15 kwa sekunde 15, mara mbili au zaidi ndani ya dakika 20, kama vile moyo wako unavyopanda ukikimbilia daladala. Huko kupanda kunamaanisha ubongo na moyo vya mtoto vinawasiliana na hewa ipo.

Ukiviweka kando kwa kando: mkono wa mama unafanya kazi mchana na usiku, bure, hata kisiwani, ila hauwezi kutofautisha mtoto aliyelala na mtoto aliyechoka. CTG inaweza kutofautisha, lakini kwa nusu saa ile tu, tena kwenye hospitali zenye mashine na mtu wa kuusoma mchoro, kama Sekou Toure au juu kilimani Bugando. CTG nzuri ya Jumatatu haikulindi Alhamisi. Na inatoa hofu za bure: mtoto huweza kulala dakika 40 mfululizo na mchoro ukaonekana umelala pia, mama akakimbizwa chumba cha upasuaji kwa usingizi wa mtoto. Kwa sababu hiyo haishauriwi kwa kila mjamzito asiye na tatizo. Ukishawishiwa ulipie CTG kila wiki wakati presha yako ni nzuri, kimo kinapanda na mtoto anacheza, una haki ya kuuliza inatafuta nini.

Mkono wa mama ndio kengele. CTG ni mtu anayekuja kuangalia kengele imelia kwa nini. Wifi yangu akiwa na hela ya kimoja mwezi wa nane, asiinunulie CTG ya mapema. Aiweke iwe nauli ya siku ambayo kengele italia.

Kengele ikishalia: vipimo vitatu vya hospitali kubwa

Cha kwanza ndicho hicho CTG, ndicho cha haraka.

Cha pili ni ultrasaundi ya alama kumi. Mtaalamu anamwangalia mtoto mpaka dakika 30 na kutoa alama mbilimbili kwa mambo manne: kujongea kwa mwili, kukunja na kukunjua viungo, kifua kufanya mazoezi ya kupumua kwa angalau sekunde 30, na maji ya uzazi. CTG inakamilisha alama mbili za mwisho. Ukipata 8 au 10 moyo unatulia, mradi maji yanatosha. 6 inarudiwa au inategemea umri wa mimba. 4 kushuka chini, madaktari huanza kuzungumzia kumtoa mtoto. Maji yana uzito wake peke yake, kwa sababu mtoto anayebana matumizi kwa siku nyingi hupunguza damu kwenye figo, anakojoa kidogo, na maji yanapungua. CTG inasoma leo. Maji yanasimulia wiki kadhaa zilizopita.

Cha tatu ni dopla ya mshipa wa kitovu, na tafadhali isichanganywe na ile dopla ya mkononi. Hii inafanyika ndani ya ultrasaundi na inapima jinsi damu inavyopita kwenye kitovu kuelekea kwenye kondo. Kondo zuri halina upinzani, damu inaendelea kupita hata moyo wa mtoto unapopumzika kati ya pigo na pigo. Kondo lililoharibika, kwa presha kwa mfano, linakuwa kama bomba lililoziba kutu: damu inasimama moyo unapopumzika, na hali ikizidi inarudi nyuma. Katika mimba zenye hatari, hasa mtoto asiyekua vizuri au mama mwenye presha, dopla hii imeonyeshwa kupunguza vifo vya watoto. Katika mimba isiyo na tatizo haijaonyesha faida hiyo.

Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kuuliza, uliza kulingana na kilichokuleta. Aliyeletwa na mtoto kupunguza kucheza, aanze na CTG, kisha ultrasaundi iangalie maji na ukuaji. Aliyeletwa na presha au mtoto mdogo kuliko wiki zake, dopla ya kitovu ndiyo yenye thamani, asafiri kuifuata hata kama ametoka Sengerema au Magu. Aliyepitisha wiki 41 anahitaji CTG na kupimwa maji, na mazungumzo ya kuanzishiwa uchungu, akiwa ana tarehe ya kuaminika.

Hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitatu kinachoweza kutabiri kondo litakalobanduka ghafla kesho. Tumbo likikaza kama ubao na kuuma, au damu ikitoka, majibu mazuri ya jana yaache mezani, nenda.

Tone la damu, kikombe cha mkojo, na mashine ya presha

Nimeviweka mwishoni kwa kuwa havina picha, lakini ningelazimishwa kuchagua kati ya hivi na ultrasaundi zote za barabara ya kwenda mjini, ningechagua hivi. Mtoto akifia tumboni huku kwetu, mara nyingi chanzo kiko kwenye mwili wa mama, na mwili wa mama unasomwa kwa damu, mkojo na presha.

Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20, na protini ikaonekana kwenye mkojo, hicho ndicho chanzo cha kifafa cha mimba, na kondo linaanza kuumia kabla mama hajasikia chochote. Kaswende inaua watoto tumboni, na inatibika kwa sindano ya penisilini. Malaria hujificha kwenye kondo lenyewe na kumla mtoto lishe yake, hata mama akiwa hana homa. Ndiyo maana unapimwa hudhurio la kwanza na kupewa dawa za SP kuanzia miezi mitatu ya kati. VVU ikijulikana mapema, dawa zinamkinga mtoto. Kundi la damu lenye Rhesus hasi (Rh-) linahitaji mpango wa sindano ili mtoto wa pili asije kushambuliwa na damu ya mama.

Wingi wa damu usipungue 11. Chini ya 7 ni hatari kubwa. Hapa pembezoni mwa ziwa tuna sababu nyingi za kupungukiwa damu kwa pamoja: malaria, minyoo, kichocho tunachokipata majini tukichota na kufua, na ule udongo wa pemba unaouzwa sokoni ambao wajawazito wanautafuna kwa hamu. Hamu ya udongo yenyewe huambatana na upungufu wa damu. Usione haya kumwambia nesi.

Kisukari cha mimba hupimwa wiki ya 24 hadi 28 kwa kunywa glukosi gramu 75 na kupimwa damu. Kama mama mzazi ana kisukari, au uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na kuendelea, au mtoto wako alifia tumboni bila sababu kujulikana, kiulizie hata kama hukuambiwa.

Vipimo vya vinasaba

Vya kutafuta matatizo ya kromosomu kwa damu ya mama vinawezekana tangu wiki ya 10, na kutoa maji ya uzazi kwa sindano hufanyika kuanzia wiki ya 15, nako kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Ni ghali. Kwa Kanda ya Ziwa naona kuna kipimo kimoja cha damu kinachostahili kutangulia: sikoseli, baba na mama wote wawili, kwa kuwa ugonjwa huu ni mwingi sana kwetu. Wazazi wote wakiwa na vinasaba vyake, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa, na mtoto huyo akijulikana tangu kuzaliwa hukingwa mapema. Mama ambaye mwenyewe ni mgonjwa wa sikoseli asihudumiwe kama mimba ya kawaida hata kama anajisikia mzima; hiyo ni mimba ya Bugando tangu mwanzo.

Nilichompangia wifi

Aende Nansio akiwa na wiki 18 hadi 20, apige ultrasaundi, na tarehe aliyopewa iandikwe kwenye kadi kwa wino, asikubali ibadilishwe na picha ya baadaye. Aulize bei kabla ya kulala kitandani. Huduma za wajawazito kwenye vituo vya umma kisera ni bure, lakini aulize hata hivyo ili asije kukwama. Siku hiyohiyo amalizie damu na mkojo kama kituo cha nyumbani hakikuvikamilisha. Baada ya hapo kliniki ya karibu inamtosha, kwa futi kamba, presha na fetoskopu, mpaka kitu kitoke kwenye mstari.

Hela ya picha ya pili asiitumie. Aiache iwe ya boti, kwa sababu ziwa likichafuka usiku boti haiji kwa bei ya mchana. Ahifadhi kwenye simu namba 115 ya m-mama, ambayo kuipiga ni bure na ndiyo inayoratibu usafiri wa dharura wa wajawazito, na mume wake aihifadhi pia. Mwezi wa tisa, kama kaka ataafiki, aje akae kwangu Igoma asubirie uchungu akiwa nchi kavu.

Na nimemfundisha neno la kusema akifika mapokezi siku ya wasiwasi, kwa kuwa ukisema "sijisikii vizuri" utaketishwa kwenye benchi pamoja na wenye mafua. Aseme hivi, kwa sauti, kabla hata ya kutaja jina lake: "Mtoto wangu amepungua kucheza tangu jana saa mbili usiku. Nina wiki 34."